Mkono Uliolowa Miaka Ishirini na Minne

Bi Earlene Posey anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, baada ya kuitumikia idara ya ufuaji ya hospitali yetu hapa Memphis kwa miaka ishirini na minne. Hajawahi kukosa kazini, isipokuwa siku ile ya barafu mwaka jana, na siku hiyo hata daktari mkuu alibaki kwake.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimefanya naye kazi kuliko wote. Niseme ukweli mapema: mimi ni mkaguzi wa mashuka. Nalipwa kutafuta madoa, na mwenye kazi hiyo hamwamini mtu upesi. Bi Earlene sikumwamini kwa miaka ishirini na mitatu.

Alipoanza mwaka 1971, ilisemekana tumeletewa nyota. Ndiye Lorna Dell, walisema, yule wa "Nirudishie Ufunguo", wimbo uliopigwa kila nyumba mwaka 1962. Wanawake wa mashine ya pasi walikuwa wamemwona kwa macho yao kwenye kumbi za Mississippi, na wigi lake na gauni la kijani. Baadaye midundo ikabadilika, kumbi zikafungwa moja moja, na onyesho lake la mwisho kule Greenwood lilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakikwepa mvua. Wiki iliyofuata alikuwa kwetu, akikunja foronya.

Hadithi tamu. Lakini santuri ile ninayo nyumbani, na Lorna Dell anauimba ubeti wa pili kwa pumzi moja. Bi Earlene, akiuimba huku akilisha mashine mashuka, alivuta pumzi mara mbili. Halafu kuna suala la sahihi. Kila aliyemletea santuri aitie sahihi alijibiwa, "Mkono umelowa, mwanangu, nitakuharibia." Mkono huo ulikuwa umelowa hata saa ya chakula, umeshika paja la kuku wa kukaanga. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Novemba iliyopita akaja Bwana Teague, mtafutaji wa waimbaji waliosahaulika. Kwa Jumamosi nne walirekodi nyimbo tisa katika ukumbi wa kanisa la Bi Earlene. Idara nzima ilishangilia. Mimi nilisema nisikie kwanza. Kisha Bwana Teague akaja kantini na mkataba, na jalada lenye jina LORNA DELL kwa herufi kubwa. Akampa kalamu.

Bi Earlene akafuta mikono kwenye aproni. Kalamu hakuipokea.

"Huyo si mimi," alisema. "Lorna alikuwa Chicago. Meneja aliuza jina lake sehemu mbili siku moja. Santuri haikuwa na picha, nani angejua? Huku Kusini akanituma mimi. Miaka minane nimevaa gauni la mtu."

"Mama, jina ndilo linalouza," Bwana Teague akamnong'oneza. "Bila hilo sina santuri. Na nani atajua?"

"Huyo pale anajua." Akaninyooshea kidole mimi. "Hosea ananikagua tangu siku ya kwanza. Andika Earlene Posey, au nenda na kanda zako."

Akaenda nazo. Kantini ikagawanyika: wengine walimwita mwongo, wengine mpumbavu. Mimi, niliyengoja miaka yote kumnasa, chakula kilinishinda. Doa nililolitafuta alilionyesha mwenyewe, na nilidhani limempotezea nafasi pekee aliyopata uzeeni. Niliona haya, na bado naona.

Mwezi Machi likaja boksi la santuri kutoka kwa Bwana Teague. Kwenye jalada hakuna wigi wala gauni la kijani. Amesimama na sare yetu, na jina lake limeandikwa kamili. Redio kubwa hazijaipiga. Mimi nimeipiga mpaka mke wangu amehamia chumba kingine. Katika wimbo wa sita, ule ule "Nirudishie Ufunguo", ubeti wa pili, anavuta pumzi mara mbili, nami naamini kila neno.

Bi Earlene, asante kwa mashuka, kwa pai za viazi vitamu, na kwa kunivumilia. Upumzike vyema, afya ikuandame, na foronya utakazokunja kuanzia sasa ziwe zako tu. Ijumaa nitakuja na nakala yangu na kalamu. Usiniambie mkono umelowa.