Nilikuwa Wakili Asiyetaka Kufundishwa

Amahoro, amani ya Bwana, ndugu zangu! Jina la Yesu liinuliwe katika nyumba hii! Mchungaji amenipa dakika chache, na kumpa wakili dakika chache ni kumwonea, lakini nitajitahidi.

Mimi naitwa Godeliva. Wengi wenu mnaniita Metre, kama mawakili wote wanavyoitwa hapa kwetu. Ofisi yangu ni chumba kimoja nyuma ya soko la Rumonge. Miaka tisa nimefanya kazi humo peke yangu: wakili ni mimi, karani ni mimi, mfagiaji ni mimi. Nilijivunia hilo! Nilikuwa nasema, sina bosi, sina mshirika, hakuna wa kuniuliza. Ndugu zangu, mtu asiye na wa kumuuliza yuko hatarini!

Sikuwa na utulivu hata kidogo. Asubuhi niko Minago kwenye ugomvi wa mipaka ya michikichi, mchana Gatete, kesho yake Kabezi. Nilikula nimesimama. Mteja akianza kueleza shida yake, kabla hajafika katikati nimeshamjibu, maana akili yangu ilikuwa imeshafika kwa mteja mwingine. Tarehe za kesi niliziandika nyuma ya bahasha, pembeni mwa gazeti, mara nyingine kwenye kiganja. Hapa kanisani mliniona nimeinama, mkadhani naomba. Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Mungu anisamehe!

Mawakili wenzangu walikuwa wanakutana kila Jumatano kwa Metre Lorenti, mwenye ofisi karibu na mahakama. Wanasomeana maandishi yao, wanafanya mazoezi ya kuhoji mashahidi. Walinialika. Nikacheka, nikasema shule nilimaliza zamani. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kuhoji shahidi sikujua. Nilikuwa napiga kelele tu, na watu wakadhani ni ujuzi.

Sasa sikieni yaliyonipata.

Kuna mjane mmoja Mwislamu hapa mjini, Mama Zaituni, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Marehemu mumewe alimwachia shamba la michikichi kule Gatete. Shemeji yake akaja akadai kwamba ndugu yake alimuuzia shamba lile kabla ya kufa, na kwamba ana shahidi. Mama Zaituni akanipa kesi, pamoja na karatasi ambayo mumewe aliandika kumwachia shamba, yenye saini za majirani. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Metre, sina nyingine," akasema.

Alhamisi moja niko Kabezi, nimetoka tu kwenye kesi ya mtu mwingine, simu ikalia. Alikuwa Mama Zaituni, anaongea chinichini.

"Metre, uko wapi? Majaji wameshaniita. Wananiuliza wakili wako yuko wapi. Niwaambie nini?"

Nilidhani kesi yake ni Alhamisi ya wiki inayofuata. Na ile karatasi yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu, begani kwangu. Kutoka Kabezi hadi Rumonge huwezi kuruka. Mama yule alisimama peke yake, shemeji yake upande wa pili na wakili wake, na majaji wakafunga mjadala ili wakaandae hukumu.

Nilipanda pikipiki kurudi. Njia nzima, ziwa likiwa kulia kwangu, nilikuwa natunga uongo. Nitasema niliugua. Nitasema kifua. Nilijaribu hata kukohoa, na dereva akageuza kichwa.

"Mama, ni vumbi?"

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana aliponishika! Nikalia nyuma ya pikipiki, mwanamke mzima. Nikasema, "Bwana, nimechoka kujifanya najua. Nitoe humu!"

Nikamwambia dereva anipeleke moja kwa moja kwa Mama Zaituni. Nilimkuta bado amevaa nguo aliyoendea mahakamani. Nikamwambia ukweli: nilikosea tarehe, kisingizio sina.

"Leo yangu umeshaipoteza," akasema. "Kesho yangu utaifanyia nini?"

"Sijui." Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mteja. "Lakini namjua anayejua."

Nikaenda kwa Lorenti. Alikuwa anafunga ofisi. Nilidhani atanicheka, na nilistahili. Alinisikiliza, kisha akafungua mlango tena.

"Keti," akasema. Nikabaki nimesimama, nazunguka. "Metre, keti kwanza!"

Akanieleza kwamba kabla hukumu haijasomwa, tunaweza kuwaomba majaji wafungue mjadala upya, maana kuna ushahidi ambao hawajauona. Niliandika kurasa nne za kelele. Akazisoma zote, akabakiza nusu ukurasa.

"Na sababu ya kutofika?"

Nikaandika: nilikosea tarehe, kosa ni langu, si la mteja wangu.

Siku za kungoja jibu zilikuwa ndefu! Lakini nilijifunza. Nilinunua daftari la tarehe, na kila Jumatatu nikawa namsomea Lorenti kesi zangu za wiki, naye ananisomea zake. Tulifanya mazoezi, yeye shahidi, mimi namhoji. Alinikemea: "Unauliza na kujibu mwenyewe! Uliza swali moja fupi, halafu nyamaza." Kunyamaza! Kwangu mimi kufunga siku tatu bila chakula kulikuwa nafuu.

Majaji wakakubali. Haleluya! Walinikaripia mbele ya watu wote, nikainamisha kichwa, kisha wakaipokea karatasi ya Mama Zaituni. Shahidi wa shemeji akasimama. Nikamuuliza, "Siku ya mauziano, mlisimama sehemu gani ya shamba?" Nikanyamaza. Akamtazama shemeji. Akatazama chini. Mimi kimya.

"Shambani sikufika," akasema mwishowe. "Niliambiwa tu."

Shamba lilirudi kwa mwenyewe! Nje ya mahakama Mama Zaituni alinishika mikono. "Alhamdulillahi. Nimekusamehe, Metre. Lakini nikipata kesi nyingine, nitaenda kwa Lorenti." Tukacheka wote wawili. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Ni haki yake.

Msidhani sasa nimetulia kama maji ya mtungi. Bado natembea haraka, bado nakatiza watu maneno, mume wangu yupo hapa, muulizeni. Lakini ule woga wa kuonekana sijui, Bwana ameuvunja, na namshukuru mbele yenu!

Wewe unayefanya kazi peke yako, fundi, mkunga, mwalimu, unayekimbia huku na huku ili watu wasione usichokijua, mwamini Mungu leo. Nenda kwa mwenzako, sema "nifundishe." Hutakufa. Mimi sikufa!

Kesho saa tatu nasimama tena mbele ya majaji, na ninaogopa. Jumatano niliwaeleza mawakili wenzangu kwa Lorenti ninachokiogopa, na leo nawaeleza ninyi. Niombeeni, ndugu zangu. Murakoze, asanteni.