Kasi ya Valens, Mkono wa Joselyne

Kaeni chini, bana banjye, wanangu. Valens, weka hiyo bisibisi mezani kabla sijasema neno, maana urithi hauanzi kufunguliwa skrubu mwenye mali akiwa bado anatazama. Na wewe Joselyne, geuka, usinipe mgongo, ukuta huo hauna la kukuambia. Nimewaagiza mlete godoro langu humu kwenye chumba cha magemu, katikati ya hizi kompyuta kuukuu, kwa sababu kuna jambo nataka mlione kwa macho yenu, na pumzi yangu haitoshi kulieleza mara mbili. Daktari alipozungumza nanyi pembeni nilijifanya nimelala. Nilisikia yote.

Mimi Eustache nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, ndiko nilikotoa hiki Kiswahili, nikaja Kigali na mama yenu Cécile tukiwa na kompyuta moja iliyotupwa na ofisi fulani, tukaifufua, tukafungua chumba hiki hapa Biryogo. Leo kila mtoto ana gemu kwenye simu, lakini watu wazima bado wanakuja kucheza yale waliyoyacheza utotoni, kwenye mashine zilezile, na wanakuja kwa sababu wanakutana. Nimesikia Valens unataka kuzibeba mashine uende nazo Kanombe, na Joselyne unataka chumba kiwe mgahawa. Nakataa. Mashine zikitoka humu ni vyuma chakavu tu, na migahawa Biryogo tumeshiba. Mnarithi vyote pamoja, au asirithi mtu.

Najua mtasema hamuwezi kukaa pamoja, basi tulitaje lile lenyewe. Ligi. Mafundi cherehani, vinyozi, wakaanga chapati, kila mmoja alikuwa na timu yake ndani ya ile mashine ya kona, na wachezaji walipewa majina ya watu wa mtaa huu, msimu baada ya msimu, hata marehemu mama yenu alikuwa golikipa na alikuwa anadaka vizuri. Siku fundi Twagirayezu alipotwaa ubingwa watu walikunywa chai humu mpaka vikombe vikatushinda. Kesho yake mashine ikawashwa, ligi haipo. Ukatoka nje, Valens, ukasema mbele ya watu kwamba dada yako ameifuta makusudi, kwa kuwa timu ya mumewe Ntare ilikuwa inashuka daraja. Tangu hapo mtaa unamwita Mfutaji. Akienda kununua maziwa wanamwita hivyo, wanacheka, naye anarudi anajifanya ameingiwa na moshi machoni, akidhani mimi sioni. Iliniuma, Valens. Inaniuma kuliko hiki kilichomo kifuani.

Nimelala muda mrefu nyuma ya huu ukuta wa mbao, na mgonjwa kazi yake ni kusikiliza. Zamani mtu akihifadhi mchezo, diski ilikwaruza papo hapo kama kuku anayechakura. Tangu Valens alipozitengeneza mashine ziende kasi, na kweli zinakwenda, sikatai, diski hunyamaza kwanza, ndipo ikwaruze. Nikajiuliza, katika ule ukimya, matokeo yanakuwa wapi? Joselyne, maji kidogo. Asante, mama.

Msibishane, fanyeni. Valens, washa mashine ya kona, cheza mechi yoyote, hata ukifungwa. Haya, hifadhi. Joselyne, sasa hivi, zima kama unavyozima siku zote, hapo kwenye ralonji, ule waya wa soketi nyingi, zote kwa kidole kimoja, kama mama yako alivyokufundisha ili mita isianze kulia kwamba umeme unaisha. Zima, mwanangu, usiogope. Washa tena. Itafuteni hiyo mechi.

Haipo, sivyo?

Mashine ilikuambia imehifadhi, Valens, kumbe ilikuwa imeyashikilia matokeo kwenye kumbukumbu yake, inangoja nafasi ya kuyaandika kwenye diski. Ndiko ulikoipata kasi yako. Dada yako akakata umeme ikiwa bado inangoja. Na jioni ile ya ubingwa ilikuwa inauandika msimu mzima upya, ikakatizwa katikati, ligi yote ikaharibika. Ulitaka wateja wasichoke kungoja, naye alitaka umeme ufike mwisho wa wiki, sioni mwovu hapo. Lakini ulimsingizia, na ulimsingizia hadharani.

Basi shikeni haya. Kasi ya kusoma iache, Valens, magemu yafunguke upesi. Ile ya kuandika izime, kila matokeo yaende kwenye diski saa hiyohiyo, anayeona anacheleweshwa akakae nje. Joselyne, utoke kwenye gemu kwanza, ungoje kile kitaa kidogo cha diski kizimike, ndipo uguse ralonji. Mashine ni zako wewe Joselyne. Chumba ni chako Valens. Ndiyo, nimesema hivyo hivyo, sijachanganyikiwa. Kila mmoja atamhitaji mwenzake kila asubuhi.

Sasa toka nje, Valens. Simama palepale uliposimama siku ile. Twagirayezu yuko kwenye cherehani yake, namsikia anavyokanyaga. Usiende kumnong'oneza, sema ulivyomsingizia dada yako, wasikie wote. Nenda, papa. Mimi nipo.

Sauti, Valens... kinyozi hajasikia. Ndiyo. Hivyo. Rudia hapo pa dada yako... Cherehani imenyamaza.

Joselyne, nishike mkono, baridi imeingia. Joselyne? Umekwenda wapi... Hiyo ni sauti yako huko nje. Unawaambia ni wewe uliyezima. Sikukutuma, mwanangu, hilo sikukutuma... Mnasema wote wawili, mnakatizana, kama mlipokuwa wadogo na kila mmoja anataka mama asikie yeye kwanza.

Nizikeni karibu na Cécile. Msinivalishe koti, linabana. Mungu awape... awape miaka mingi, awajalie watoto wa kuwapigia kelele humu ndani. Asiwatenganishe. Hamnisikii. Si neno.

Endeleeni kusema.