Masha Kahindi, Fundi Aliyeurudisha Mwanya wa Malak

Kwanza niwaseme nyinyi wagonjwa wetu. Jino likishapoa hamuonekani tena, mwaka wa pili huu. Mtakuja mkute mtu mwengine kwenye benchi la fundi Masha, kisha mlalamike. Masha Kahindi anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza meno katika kliniki yetu ya Mji wa Kale. Mimi nimepiga deki hapa miaka ishirini na sita. Kalamu siijui, Mercy wa mapokezi ananiandikia.

Alianza kwa kukoroga plasta, akaja kwenye meno ya kuvaa na kuvua. Miaka hii ya mwisho ni haya ya kupandikiza: daktari hukaza skrubu kwenye mfupa, Masha akaivika jino la kauri. Rangi haichagui chini ya taa. Atakutoa hadi barazani umfunulie meno mchana kweupe, wapita njia wakikutazama. Bwana mmoja wa Majengo alitaka meno meupe pepepe, Masha akamwambia akanunue sahani.

Malak ni mtoto wa jirani yangu Kibokoni. Mwaka 1996 aliteleza ngazini, jino la mbele likatoka, harusi yake ikasogezwa miezi saba mfupa uishike skrubu. Akawa anazungumza mkono mdomoni, akaapa hapandi jukwaani siku ya kupambwa. Masha akamtengenezea jino zuri, limejaza nafasi yote. Daktari akasifu. Mimi nikaweka ndoo chini.

"Masha, hili la bibi harusi mwengine. Huyu ana mwanya."

Akaniuliza tangu lini deki inasomesha meno. Lakini mchana ule hakula. Alikwenda kwa mamake Malak kuomba picha, akalivunja lile jino, akaanza upya mara tatu.

Siku ya kupambwa Malak alicheka wazi. Wanawake wa Kibokoni walilitafuta jino mpaka shingo zikawauma, wakabishana ni la kulia au la kushoto. Hapo ndipo nilipopumua. Kesho yake Masha aliningoja mlangoni, akanipokonya ndoo nimweleze yote, maana kwenye kupambwa wanaume hawaingii.

Ahsante, Masha. Nenda Kaloleni ukapumzike na wajukuu, Mungu akupe afya na usingizi wa mchana. Benchi lako analo Nanjala, uliyemfunza mwenyewe.

Nanyi mkija kwake, msije peke yenu. Mje na dada au shangazi anayekijua kicheko chenu, na mumwambie asinyamaze.