Difu la Nova Huhesabiwa na Watu Wawili

Zima hiyo feni, Ronelle, inameza sauti yangu, na sauti niliyobaki nayo si ya kugawa. Curtiss, toka hapo mlangoni uje upande huu wa kitanda. Nimesema upande huu, alipo dada yako, hana upele. Na wewe Odell Speight, kaa kwenye kiti chako hapo dirishani ufunge mdomo, umekuja kuniaga, hukuja kunisaidia kusema. Sikilizeni wanangu, maana mama yenu Verdell atasema mara moja, na mara ya pili hataiweza.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili, pamoja na gereji na bustani ya sukuma kule nyuma, na msiiache ikaliwa na magugu. Sufuria kubwa la Dada Hattie lirudi kwake likiwa limesuguliwa, kwa sababu amekwisha kulitaja kwenye maombi ya Jumatano, na mimi sitaki kufika mbinguni nikiulizwa habari za sufuria. Nizikeni ubavuni mwa baba yenu Lemuel, na gauni langu jeupe la ushemasi, na kucha zangu msizisugue. Grisi iliyomo humo iliingia kwa kazi halali.

Sasa gari.

Najua Curtiss umepata mtu wa kuinunua Nova, gari letu la mbio, ili mgawane nusu kwa nusu na kila mmoja aende zake. Usishtuke, baba, mgonjwa husikia hata ya jikoni. Mimi siilii Nova. Chuma ni chuma. Ninachokililia ni kwamba tangu zile mbio za masika hamjasemezana, Pasaka mmoja wenu akaja kula mchana na mwingine akaja jioni, nami nikapika mara mbili kwa miguu hii iliyovimba, na nikizikwa leo hakuna tena mtu wa kumpikia kila mmoja kwa zamu yake. Gari lile ndilo kitu cha mwisho mnachokishika wote wawili. Mkiliuza mkiwa mmenuniana hivyo, mmeuzana.

Na mligombania nini? Gia ya difu, kule kwenye ekseli ya nyuma! Ronelle alifunga gia ndefu, wewe Curtiss ukaja nyuma yake ukaitoa, ukafunga fupi bila kumwambia, kwa sababu ulitaka gari liruke kwenye taa za kuanzia mbio kama paka aliyemwagiwa maji. Liliruka kweli. Ulimwacha mjukuu wa Odell nyuma, watu wakapiga kelele, kisha kabla ya mstari injini ikafika mwisho wa mbio zake, ikawa inalia tu na haina cha kuongeza, na yule kijana akakupita akikupungia mkono. Dada yako akakwambia mbele ya kiwanja kizima, "Unaendesha kama umefukuzwa na nyuki!" Nawe ukamjibu, "Wewe kaa na spana zako, shingo inayowekwa rehani ni yangu!" Wote wawili mlisema kweli, na wote wawili mlikuwa wapumbavu, Mungu awabariki.

Baba yenu alinifundisha hivi, nami nilikuwa bibi harusi mbichi bado nanukia keki. Propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu za injini nyuma kwenye difu, ikizunguka mara nyingi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, hiyo ndiyo gia fupi, gari lina pupa, huondoka kwa kishindo na kuishiwa mapema. Ikizunguka mara chache, hiyo ndiyo gia ndefu, gari ni vivu mwanzoni, hujakaa sawa wenzako wameshaondoka. Gia unayoitafuta ni ile inayoifikisha injini kwenye kilele cha nguvu zake pale pale pua ya gari inapogusa mstari, si kabla, si baada. Na gia hiyo huijui kwa kusikiliza injini peke yake, kama Curtiss, wala kwa kupima kimo cha tairi na uzito wa gari peke yake, kama Ronelle. Anayekaa kwenye kiti ana habari ambazo aliye chini hana, na aliye chini vilevile. Mimi na Lemuel tuligombana juu ya kila gia tuliyowahi kufunga, tukaenda kulala tumenuna, lakini kitanda kimoja.

Odell, usicheke, nakuja kwako.

Wanangu, mnajua kwamba katika mbio zetu za kutambiana ubao wa muda huzimwa, mtu asijue kasi ya mwenzake, na gia ni siri ya nyumba. Huyu mzee ameitafuta siri yetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku tuliyomzika baba yenu, watu wako uani wanakula nguruwe wa siki na pai ya viazi vitamu, mimi nikajiiba niende gereji nikalie peke yangu. Naona nini? Viatu viwili vinavyong'aa vimetokeza chini ya Nova. Nikavivuta. Akatoka Odell na suti yake ya mazishi, chaki mkononi. Nikamwambia, "Odell! Mume wangu hajapoa kaburini!" Akasema, "Verdell, nimemuaga Lemuel, nikaona si adabu kuondoka bila kuliaga na gari." Nikamuuliza amehesabu mizunguko mingapi ya propela. "Nimepata tano, halafu nikapata tatu, halafu nikaanza kulia." Maskini, alikuwa peke yake! Akilizungusha gurudumu haioni propela, akiingia chini kuitazama propela gurudumu limesimama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukakaa sakafuni tukacheka, siku ambayo sikudhani ningecheka, nami kwa kicheko kile nimempenda mpaka leo. Basi, Odell, umesikia mwenyewe. Futa macho.

Nipe maji kidogo, mama. Kidogo tu... Basi.

Siku daktari aliponiambia, sikuja kulala. Nilikwenda gereji, nikalishusha difu kwa winchi, nikafunga gia niliyoichagua mimi, nikafunga na mdomo. Sijamwambia mtu. Wala ninyi siwaambii.

Mtakwenda kuihesabu wenyewe, sasa hivi. Lipandisheni gari kwa jeki, liacheni huru bila kuingiza gia, pigeni alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Curtiss, wewe ndiye utakayelala chini, umekaa kwenye kiti miaka yote. Ronelle, zungusha gurudumu, mara kumi, polepole. Kila mmoja ataje hesabu yake kwa sauti, maana mkikaa kimya mtapata tano na tatu kama huyu. Mkimaliza, mkiona nimekosea, ibadilisheni. Mkitaka bado kuuza, uzeni, baraka zangu mnazo, ili mradi mmekubaliana kwa midomo yenu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Odell amekuja na kapu, ninaliona.

Inameni niwaguse vichwa. Mungu awape njia kavu na matairi yanayoshika. Awape wa kuwapikia. Mfike mstarini na nguvu zenu... Nendeni. Acheni dirisha wazi.

Odell... wamefika? Sikia jeki. Sasa ziba masikio yako, mwizi wewe. Yote mawili.

Nasikia moja. Wanabishana... alama imefutika, ati... Wabishane. Mbili... Huyo Curtiss, sauti ya baba yake... Tatu... sasa wanakwenda pamoja... mmoja anasema, mwenzake anajibu...

Odell. Toa mikono masikioni. Toa, usikie wanangu.