Mizani na Mkanda Mwekundu wa Shimo

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutufuta machozi, haya mnayosomewa ni maneno yangu mimi, dada mkubwa wa marehemu wa tumbo moja, ambaye kalamu sikuwahi kuishika, kwa hiyo nimeyasema kwa kinywa, na binti wa marehemu, kifungua mimba wake, ameyaandika kama yalivyotoka, naye ndiye anayewasomea, na nimemwapisha asiruke mstari hata ukimchoma.

Ndugu yetu, ambaye kisiwa kizima kilimwita Mizani hata wengine wakasahau jina alilopewa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya bohari la chumvi, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi viatu na mama mkulima, nami nilikuwa na miaka minne, nikapakatishwa siku ileile, na mkunga akasema, "Huyu halii, anatutazama tu kama tumemwibia kitu." Na ndivyo alivyoishi. Alipofika miaka mitano alikuwa akihesabu vifaranga vya mama asubuhi na jioni, na kimoja kikipungua hamshuku mwewe, ananishuku mimi.

Alianza shule Januari 1959 na kumaliza darasa la nane Desemba 1966, mimi nikibaki shambani na mama, na jioni alikuwa akinifuata na ubao ili anifundishe herufi, nami nikamwambia aniache, kichwa changu kimejaa, akauliza, "Kimejaa nini, dada? Lete nikipime." Nilimfukuza na mwiko. Leo ningempa chochote auchukue tena ubao ule.

Tarehe 2 Februari 1968 aliajiriwa bandarini kama mpima mizigo, akakaa kwenye kibanda cha bati, mizani ya chuma mbele yake na daftari magotini, kila gunia na kila kreti ikipita chini ya jicho lake, wachukuzi wakimtania kwamba siku moja atampima mkewe kabla ya kumwoa, na ni huko ndiko wasiwasi wake ulikoanza, kwa maana jioni moja mwaka 1975 alikuja kwangu hajavua hata viatu, akasema, "Dada, wiki hii zimeshuka tani kumi na mbili, imepanda moja. Hizo kumi na moja zimelala wapi?" Nikamwambia zimeliwa. Akasema, "Chupa inaliwa? Kopo linaliwa? Hiki kisiwa kinameza wala hakitemi, na mimi nataka kujua tumbo lake liko wapi."

Alifunga ndoa tarehe 21 Aprili 1979 na wifi yangu, fundi cherehani wa mtaa wa juu, baada ya uchumba wa miaka miwili uliotokana na suruali, kwani alimpelekea kitambaa, wifi akampima kiuno, naye akatoa futi yake mfukoni akajipima upya, wifi akamwambia, "Kama huniamini kwa suruali, utaniamini kwa lipi?" akajibu, "Ndiyo maana nataka nikae karibu nione." Walijaliwa watoto watatu, binti huyu mwalimu, wa pili fundi umeme, na wa mwisho ambaye sasa anakaa kwenye mizani ileile ya baba yake, na wajukuu watano.

Baraza la kisiwa lilimteua msimamizi wa taka mwaka 1989, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Oktoba 1990, ndoo tatu zilisimama kwa mara ya kwanza nje ya kila geti, ya kijani ya maganda na mabaki ya chakula, ya njano ya plastiki, makopo na chupa zirudi bara kwa meli, na nyeusi ya kile kisicho na kwao, ambacho kiliendelea kwenda kwenye shimo la taka la kisiwa. Mnakumbuka mlivyomshuku. Alikuwa akipita kwa baiskeli kabla ya lori, anafunua kifuniko, anachungulia, anaandika, na mkasema huyu anahesabu chupa za watu apeleke habari, hata mwalimu mkuu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekaa karibu na mlango, akawa anabeba chupa zake kila Jumanne kuzitia kwenye ndoo ya seremala, seremala asiyekunywa hata maji ya baridi. Naye aliwashuku zaidi. Mliposema, "Sisi tunatenganisha, lori linakwenda kuchanganya," wala hakubisha, alilifuata lori kwa baiskeli wiki nne mfululizo, mpaka dereva akasimama katikati ya barabara akamwambia, "Kaka, panda mbele basi, unaniaibisha." Akapanda, na tangu siku hiyo wakawa marafiki, wakila chakula cha mchana kwenye bakuli moja miaka zaidi ya ishirini.

Sasa nafika mahali ambapo historia hii ingeweza kupitwa upesi. Januari 1991 marehemu aliandika Mpango wa Miaka Thelathini, akasimika shimoni mlingoti wa chuma mweupe wenye mkanda wa rangi nyekundu, na baraza likakubali kwamba taka zikigusa mkanda, shimo la pili lianze kuchimbwa mwaka huohuo, kwa kuwa kuchimba na kulitandika udongo kungechukua miaka mitatu. Shimo la pili lilihitaji udongo mzito wa mfinyanzi usiovujisha uchafu kwenye visima, na udongo huo aliukuta mahali pawili, kwa mtu mwingine na kwa mama yetu, yaani shamba nililolima tangu utoto, mbele ya nyumba yangu yenye mlango mwekundu, akachagua la kwetu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikichagua la mwenzetu watasema nimemwonea." Mwaka 2007 walikuja vijana wa baraza wakapigilia vigingi katikati ya matuta yangu, nami nikawakaribisha maji, na walipoondoka nikaving'oa.

Mwaka 2008 taka zilikuwa zimebakiza shubiri moja kuufikia mkanda. Asubuhi ya Jumapili, lori likiwa limepumzika, bibi mmoja alikwenda shimoni na mundu na kikapu cha majani ya mbuzi, chini ya majani kuna makopo mawili ya rangi, nyeupe na ile nyekundu ya mlango wake, akaufuta mkanda kwa nyeupe, akachora mwingine shubiri moja juu yake. Alirudi 2010, na 2011, na 2013. Waliomwona walimsalimia. Nani anamshuku bibi wa majani? Binti yangu, usisite hapo, soma: bibi huyo ni mimi.

Marehemu aligundua mwaka huo wa 2013 alipoupima mlingoti kutoka juu badala ya chini, akaenda barazani na daftari lake, nao, ambao kuchimba hakukuwapendeza tangu mwanzo, wakamjibu, "Mzee Mizani, mkanda ndio ule, kila mtu anauona. Kama umesogezwa, tuletee mkono uliousogeza." Alipekua kisiwa kizima. Ndani ya lori alikuta kopo la rangi nyekundu, ambayo dereva alipakia bodi ya lori lake, na hakutaka kusikia lingine, dereva akaondolewa kwenye usukani akapewa ufagio wa sokoni, miaka mitatu, wanaume wawili waliokula bakuli moja wakawa wanapishana kama kuku wageni. Dereva alikuja kwangu kunilalamikia. Nilimpa kiti, nikamwambia, "Vumilia, ndugu yangu ndivyo alivyo." Mvua za Aprili 2015 zilipokuja shimo lilitapika, visima viwili vya mtaa wa chini vikafungwa miezi saba, na wanawake wa mtaa huo wakapandisha ndoo kilimani wakipita mbele ya mlango wangu, nami nikiwapa pole.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2016 marehemu alikuja kula kwangu kama desturi yake, akasimama kizingitini, akapitisha kidole kwenye mlango, akasema, "Rangi hii haichujuki, dada," akaingia, akala, akaomba aongezwe. Kesho yake dereva alirudishwa kwenye lori bila kuambiwa sababu, akadhani ni mtego, mwezi mzima akawa anaendesha huku akitazama kioo cha nyuma. Na kuanzia hapo ndugu yangu akawa analiacha daftari lake juu ya meza yangu kila Jumapili, mimi nikilipangusa vumbi na kulirudisha mahali pake.

Alianza kuugua kifua Desemba 2017, akatibiwa hospitali ya kisiwa, akapelekwa bara mara mbili, akarudi akisema mizani ya huko imepinda, na tarehe 11 Juni 2019, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, aliaga dunia, wifi akiwa amemshika mkono wa kushoto, mimi wa kulia.

Juzi tulipokuwa tunakusanya vitu vyake, binti yake alilifungua daftari lile mezani kwangu, akasoma kimoyomoyo, kisha akaniangalia. Nikamwambia asome kwa sauti. Kulikuwa na orodha ya watu wanane aliowashuku kwa mkanda, dereva, mwenyekiti wa baraza, fundi rangi, na wengine, saba wamekatwa mstari, wa nane hakukatwa, ameandikwa "dada", na tarehe, 6 Novemba 2016. Miaka miwili na nusu niliipangusa hukumu yangu kwa kitambaa, naye akijua siwezi kuisoma, akijua pia kwamba angenitaja shimo lingechimbwa, na hakunitaja. Aliyemshuku kila mtu aliniwekea mimi siri, na siri hiyo imeunyima mtaa wa chini shimo la pili na rafiki yake jina safi. Sisemi alifanya vyema. Nasema alifanya hivyo.

Kwa hiyo, mwenyekiti, ulitaka mkono uliousogeza mkanda, mkono ndio huu, uko mstari wa mbele umeshika fimbo. Dereva, ulinyang'anywa usukani kwa kosa langu, sikuombi unisamehe hapa, kwa sababu mbele za watu mtu hulazimika, nitakuja kwako mwenyewe. Wanawake wa mtaa wa chini, nanyi pia nitakuja, mlango kwa mlango. Jana mchana nilimwomba dereva anipeleke shimoni na binti huyu na daftari, hakuuliza kitu, akaupaka mkanda pale daftari linapodai uwe, na ilimbidi achimbue kwanza, kwa maana taka zimeshaupita shubiri tatu. Vigingi nilivyokuwa nimeving'oa nimevirudisha katikati ya matuta yangu. Njooni mchimbe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyehesabu vidonge vyake mara mbili, majirani waliotuletea maji na viti, wafanyakazi wenzake wa bandarini na wa lori la taka, na seremala aliyetengeneza jeneza, ambalo marehemu bila shaka angelipima upya.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Ndoo zako zitatolewa Jumatano, na mkanda uko mahali pake, usiinuke kuja kuhakikisha.