Nchi Isiyo na Kizuizi

Mkabala na wabadili pesa wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, pale Vasta anapoteleka kahawa yake ya kuuza, kuna benchi la miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi ile upande wa tofali alikaa Thembo, waliyembatiza Ndege kwa kupenda safari. Tangu arudi kutoka Uswisi kwenye mkutano wa kanisa, wiki nzima alikuwa akimkwepa Mama Consolée, mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka. Mwana wa mama huyo, Stanislas, yuko Zurich. Miaka kumi na mmoja hawajaonana, na Thembo aliapa kwenda kumtazama kwa niaba yake. Badala yake, Jumapili yake moja tu aliimalizia kwenye kinchi cha jirani ambako matajiri huficha mali isitozwe kodi. Leo alitaka kuungama, ila hakujua aanzie wapi.

— Nilidhani ni kama kuvuka hapa na kurudi, akasema. Nikapanda basi, nikangoja kizuizi. Polisi anikaripie kidogo, nijue nimeingia. Wapi! Kuuliza, basi iko Austria. Nchi nzima nimeipita nikiwa nimeshika pasipoti mkononi!

Caleb wa bodaboda, wanayemwita Profesa, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Ukarudi?

— Nikarudi. Duka zote zimefungwa. Benki, benki, sanamu, benki. Chapati hakuna. Kikombe cha kahawa, bei ya jogoo!

— Ni haki, akasema Vasta. Tajiri halipi kodi, sasa nani atalipa? Si wewe mwenye kiu?

— Hapana, Vasta. Huko hakuna watu, akasema Caleb. Wananchi ni makampuni. Mia nzima zinalala ndani ya sanduku moja ya barua. Jumapili zinapumzika.

— Na pesa? akauliza Vasta.

— Iko chini ya mlima. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndege alitembea wima kama afande, angeiona wapi?

— Basi hata ile nyeupe juu si theluji. Ni risiti!

Wakacheka. Thembo hakucheka.

— Jamani, nilikosa treni ya kurudi Zurich. Stani alikuwa na Jumapili hiyo tu bila kazi. Alipika sombe, yale majani yetu ya muhogo, akaningoja stesheni mpaka jioni. Na mimi nilienda kule ili nikuje kuwasimulia nyinyi hapa.

Vasta akamgeukia:

— Mwambie mama ukweli. Mficha uchi hazai, na wewe iko na watoto sita. Unaogopa nini?

Kabla hajajibu, Mama Consolée alikuwa ameshafika. Akaushika mkono wa Thembo kwa mikono yake miwili.

— Papa Thembo! Stani amenipigia simu jana. Anasema mulikula sombe pamoja, mukacheka sana. Mungu akubariki!

Yule aliyeachwa stesheni ndiye aliyemfichia Thembo aibu.

— Kwa simu anasema tu “niko muzuri, mama.” Lakini wewe ulimuona na macho. Niambie, Papa: mutoto wangu amekonda?

Caleb akatazama tairi la pikipiki yake. Vasta akatazama chini. Mama Consolée hakuuachia ule mkono. Alipinda shingo kidogo, ametega sikio, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe hospitalini.