Dada Yetu na Kisa cha Muuza Mbao

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye mdogo wake wa pekee. Kikombe kikivunjika, baba akiuliza ni nani, dada alijibu, "Kwanza, kilikuwa kimewekwa wapi?" Baba alicheka, nikachapwa mimi.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya biashara mwaka 1983. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia kwenye biashara ya mbao.

Kuanzia 1985 hadi alipostaafu 2019 alifundisha biashara katika chuo kimoja tu. Hakuhutubia darasa. Aliwagawia wanafunzi kisa cha biashara ya kweli, kurasa nane, kinachokatikia pale mwenyewe anapotakiwa kuamua, kisha akauliza, "Wewe ungefanyaje?" Wengi mliopo hapa mmepita mikononi mwake, na mnamsifu kwa haki.

Aliolewa tarehe 8 Agosti 1987 na shemeji yetu, mpima ardhi. Jana alitusimulia kwamba hata alipomposa aliulizwa, "Nikikataa, umejipangaje?"

Mwaka 1994 duka langu liliyumba. Dada alikuja Jumamosi tatu na daftari, akapima mbao, akauliza maswali. Nikamwambia mke wangu, "Tumepona." Miezi mitano baadaye nililifunga. Wafanyakazi sita wakarudi makwao.

Mwaka 2001, nikiwa nimeshajiinua, alikuja meneja wa kiwanda cha mabati. Nilitaka uwakala wa kuuza mabati yao, nikamsimulia nilivyoanguka na kuinuka.

"Mzee, si wewe Muuza Mbao? Tulikusoma chuoni! Ukurasa wa sita: ananunua mbao mbichi, zinapinda stoo, anaishia kuziuza kama kuni. Darasa zima tulikufa kwa kicheko."

Uwakala sikuupata. Kosa hilo mimi nililigundua baada ya miaka minne. Dada aliliona Jumamosi ya kwanza.

Nilimfuata ofisini. "Dada, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, mdogo wangu, kisa kingeharibika."

Juni 2022 alipatikana na saratani ya kongosho. Siku mbili kabla ya kufariki aliniuliza, "Ulijiinuaje? Mwisho sikuwahi kuuandika."

"Kifute kwanza kile kisa, nikwambie."

"Hakifutwi. Ndicho bora kuliko vyote."

"Basi hatujaelewana."

Nikachukua kofia yangu. Alifariki hospitalini tarehe 11 Februari 2023, saa moja asubuhi. Jibu nilibaki nalo mfukoni, na halinifai kitu.

Ameacha mume, binti mfamasia, kijana fundi umeme, wajukuu watatu, na mimi. Kisa bado kinafundishwa; mkuu wa idara amenihakikishia hilo hapa hapa, akinipa pole.

Dada, niliwabana wapasuaji wenye misumeno: mbao wazikaushe wao kwanza, ndipo nipime na kununua. Ni hilo tu. Sasa pumzika.